Hamira Iletayo Maradhi: Jinsi Inavyoshika Mahali na Kujijengea Ukuta

Hapana mtu katika sehemu za Kitale na Bungoma asiyejua kazi ya hamira, hata kama hajapata kusikia habari za kiumbe chenyewe. Mama apikaye busaa huchachusha unga wa mahindi, akaukaanga juu ya bati, kisha akauchanganya na maji na kimea cha wimbi. Baada ya siku chache chungu huanza kutoa povu na kutokota pasipo moto. Mwoka mikate mjini naye hutia hamira katika unga wa ngano, na unga huumuka. Kazi hiyo yote hufanywa na viumbe vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, navyo ni vya jamii ya kuvu, jamaa wa uyoga na wa ukungu uotao juu ya mahindi yaliyotiwa ghalani kabla hayajakauka.

Lakini jamii hiyo, kama jamii nyingine, ina wema na wabaya. Ziko hamira zitupatiazo mkate, na ziko hamira zituleteazo maradhi. Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja juu ya hizo za pili, jambo lenye faida kwa kila nyumba iliyo na mtoto mchanga, au mzee mwenye meno ya kubandika, au ndugu aliyelazwa hospitali. Jambo lenyewe ni hili: hamira iletayo maradhi haina nguvu nyingi inapoelea peke yake. Nguvu zake huja inapokwisha kushika mahali na kujijengea utando. Na utando ukiisha kusimama, mara nyingi dawa peke yake haitoshi. Hapana budi chombo kisuguliwe, au kitu kilichoshikwa kiondolewe.

HAMIRA HII NI KITU GANI?

Hamira ziletazo maradhi kwa watu zaidi ya nyingine ni za ukoo uitwao kandida, na iliyo maarufu katika ukoo huo ni ile ambayo wataalamu wa nchi zote huiita Candida albicans. Ikitazamwa kwa darubini huonekana kama yai dogo. Udogo wake ni wa ajabu, maana hamira kiasi cha 200 zikipangwa katika mstari mmoja zingejaza milimita moja tu. Huongezeka kwa kuchipua: mmoja hutoa kinundu ubavuni, kinundu hukua, kisha hujitenga na kuwa hamira nyingine kamili.

Msomaji asishtuke akiambiwa ya kuwa hamira hii hukaa ndani ya watu wengi walio wazima kabisa. Hukaa mdomoni, na matumboni, na katika sehemu za siri za wanawake. Hukaa humo kama mpangaji mtulivu, kwa sababu mambo mawili huizuia. La kwanza ni ulinzi wa mwili wenyewe, yaani zile chembe za damu na za ngozi zilizo kama askari wa zamu. La pili ni bakteria wengi wasio na madhara, ambao wamekwisha kutwaa nafasi na chakula. Kizuizi kimoja kikiondoka, mpangaji hugeuka mwizi.

Basi sasa twaweza kufahamu kwa nini maradhi haya huwapata watu fulani kuliko wengine. Mtoto mchanga, ulinzi wa mwili wake haujakomaa. Mzee amepungukiwa na nguvu na mate. Mwenye ugonjwa wa sukari usiotunzwa, damu na mate yake huwa na sukari nyingi, nayo ni chakula cha hamira. Mwenye virusi vya ukimwi ambaye hajaanza dawa, askari wake wamepungua. Na mtu aliyenunua dawa za kuua bakteria dukani akazimeza ovyo pasipo kuamriwa na daktari, amewafukuza wale majirani wema na kuiachia kandida kiwanja kitupu.

HATUA NNE ZA KUJENGA UTANDO

Hatua ya kwanza ni kushika. Juu ya ganda la hamira ziko protini nyingi zilizo kama kulabu na gundi. Baadhi yake hushika vyema nyama laini ya mdomo. Nyingine hushika plastiki na mpira. Tena yafaa kujua ya kuwa hapana kitu kinachobaki kitupu kikiisha kuingia mwilini. Meno ya kubandika hupakwa mate mara moja. Mrija uliotiwa katika mshipa hupakwa damu. Chuchu ya chupa hupakwa maziwa. Hamira hushika huo mpako, na kupitia mpako hushika kitu chenyewe. Mahali palipokwaruzika hushikwa upesi kuliko mahali laini, kwa maana katika mkwaruzo hamira hupata pa kujificha, na maji yapitayo juu hayaigusi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; hapa ni hamira ijengayo ukuta wake ndani ya ufa tuliouacha.

Hatua ya pili ni kuongezeka. Katika muda wa saa kumi na mbili hivi za kwanza, zile chache zilizoshika huchipua na kuwa vikundi vidogo, kama nyumba za kwanza za kijiji kipya.

Hatua ya tatu ndiyo ya ujenzi wenyewe. Candida albicans ina uwezo wa kubadili umbo. Ile iliyokuwa kama yai hurefuka na kuwa uzi, na nyuzi hizo husukana zenyewe kwa zenyewe kama mizizi ya mahindi katika shamba lililostawi, hata zikawa kama mkeka. Wakati huo huo hamira hutoa ute mzito uliofanyika kwa sukari, protini na mafuta, na ute huo hujaza nafasi zote kati ya nyuzi. Kwa siku mbili au tatu utando huwa umekamilika. Juu yake mna ute, ndani yake mna nyuzi na hamira kwa tabaka, na katikati yake mna vijia ambavyo maji na chakula hupita. Mara nyingi bakteria nao huingia na kukaa humo, kila mmoja akimfaa mwenziwe.

Hatua ya nne ni kutawanyika. Utando ukisha kukomaa, baadhi ya hamira hujitenga na kuondoka kutafuta makao mengine. Ikiwa utando uko juu ya meno ya kubandika, zitakwenda kwenye kaakaa au kooni. Lakini ikiwa utando uko katika mrija ulio ndani ya mshipa wa damu, zitachukuliwa na damu hata moyoni, na mafigoni, na machoni, na hapo maisha ya mgonjwa huwa hatarini.

Watu wa Bungoma watafahamu upesi faida ya ukuta. Zamani Wabukusu walikaa katika vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki, na jina la Chetambe, karibu na Webuye, lingali likitajwa kwa sababu ya vita vya mwaka 1895. Kuta zile zilijengwa na watu waliowalinda wake na watoto wao, wala hatuwalinganishi watu wale na vijidudu. Twataka kusema neno moja tu: aliye uwanjani hupigwa upesi, bali aliye nyuma ya ukuta hapigwi ila ukuta uvunjwe kwanza.

KWA NINI DAWA HUSHINDWA

Mtu wa kwanza kuona jambo hili hakuwa daktari. Alikuwa mfanya biashara ya nguo katika mji wa Delft huko Uholanzi, jina lake Antonie van Leeuwenhoek, aliyejitengenezea darubini kwa mikono yake. Mwaka 1680 aliitazama hamira ya pombe. Miaka michache baadaye alikwangua ukoga wa meno yake, akaona ndani yake viumbe vingi vikienda huku na huku. Akajaribu kuosha meno kwa siki ili aviue. Ndipo alipoona ya kuwa siki iliua vile vilivyokuwa nje ya ukoga tu, bali vile vya ndani vilikaa salama. Zaidi ya miaka 300 imepita tangu hapo, na ukweli huo haukubadilika.

Wataalamu wa siku hizi wamefumbua sababu zake, nazo ni tatu. Ya kwanza, ule ute huinasa dawa njiani, kama matope yanavyonasa gurudumu la gari katika njia za Mlima Elgon wakati wa masika, hata dawa ikifika chini imekuwa kidogo. Ya pili, hamira zilizo ndani ya utando zina pampu ndogo ndogo katika maganda yao, ambazo huitoa nje dawa iliyokwisha kuingia. Ya tatu, ziko hamira chache ambazo hulala tu chini ya utando, hazili wala hazikui. Dawa nyingi huua kijidudu kinachofanya kazi, kilicholala huponyoka. Mgonjwa akiisha kupata nafuu na kuacha dawa, waliolala huamka wakaanza kujenga upya. Hii ni sababu moja ya kurudi kwa maradhi haya, na watu husema dawa ilikuwa mbovu, kumbe ukuta haukuvunjwa.

Katika majaribio ya maabara, hamira zilizo ndani ya utando zimeonekana kuistahimili dawa ya flukonazoli hata mara 1,000 kuliko zile zinazoelea. Ni wazi ya kuwa mtu hawezi kupewa dawa mara 1,000 ya kipimo chake, maana dawa yenyewe ingemdhuru kabla ya kuiua hamira. Ziko dawa za kutiwa mshipani ambazo huushambulia utando vizuri zaidi, lakini hizo ni kazi ya hospitali, wala si za kununuliwa dukani.

WAZEE WALIVYOFANYA KWA KIBUYU

Jambo hili si geni sana kwa watu wa Trans Nzoia na Mlima Elgon. Wakalenjin wagandishao maziwa ya mursik hawaridhiki kukisuuza kibuyu kwa maji tu. Hukisugua ndani kwa ufagio wa kijiti uitwao sosiot, hata pale chini pasipofikiwa na mkono; hukiacha kikauke kabisa; kisha hukipaka ndani mkaa wa mti uliochaguliwa, kama ule uitwao senetwet. Wazee hawakuwa na darubini, lakini walijua ya kuwa kibuyu kilichosuuzwa tu huharibu maziwa yatakayotiwa. Walijua ya kuwa kuna kitu kilichoshika ukutani mwa kibuyu, na ya kuwa kitu hicho hakiondoki pasipo kusuguliwa.

Kwa sababu iyo hiyo maafisa wa maziwa huwashauri wakulima watumie madebe ya chuma yenye mdomo mpana wanapopeleka maziwa sokoni au kiwandani, waache mitungi ya plastiki. Mtungi wa plastiki hukwaruzika upesi, na mdomo wake mwembamba hauruhusu mkono kuingia. Utando wa vijidudu vya namna nyingi hukaa humo siku hata siku, na kila asubuhi maziwa mapya hutiwa juu yake.

Kanuni ni moja, iwe ni kibuyu, au mtungi, au chupa ya mtoto, au meno ya kubandika: sugua kwanza, kisha ndipo maji ya moto au dawa iweze kufanya kazi yake.

MTOTO MCHANGA

Mama wengi wamepata kuona mabaka meupe katika ulimi na mashavu ya mtoto anayenyonya. Kwanza ni lazima kujua kama ni maziwa au ni maradhi. Maziwa yaliyobaki hufutika kwa urahisi kwa kitambaa safi chenye maji. Utando wa kandida haufutiki upesi, na ukifutwa kwa nguvu huacha mahali pekundu, pengine hata damu. Mtoto huweza kulia anaponyonya, na chuchu za mama zikawa na maumivu.

Hapa yafaa kuonya kwa nguvu. Tumesema utando lazima usuguliwe, lakini neno hilo ni kwa vyombo, si kwa mdomo wa mtoto. Wako watu wanaokwangua ulimi wa mtoto kwa kitambaa kigumu, au kwa chumvi, au kwa majani. Kufanya hivyo ni kuichubua nyama laini na kuifungulia hamira mlango wa kuingia ndani zaidi. Mdomoni mwa mtoto kazi ni ya dawa; kusugua ni kwa kile kinachoingia mdomoni.

Dawa itumiwayo mara nyingi ni nistatini. Historia yake itawafurahisha wafugaji wa Kitale. Ilipatikana kwa kazi ya mabibi wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, waliotangaza habari zake mwaka 1950. Bibi Hazen alichukua udongo katika shamba la ng'ombe wa maziwa la rafiki zake huko Virginia, na katika udongo ule mlikuwa na kijidudu kinachotengeneza kitu cha kuua kuvu. Dawa ikapewa jina kwa kulikumbuka jimbo la New York, walikofanya kazi mabibi hao. Nistatini huua hamira kwa kuigusa, kwa hiyo hutiwa mdomoni baada ya mtoto kunyonya, si kabla, ili maziwa yasiioshe. Tena mama amalize siku zote alizoagizwa, hata kama weupe umetoweka mapema. Chuchu za mama zikiwa zinauma, aseme, ili watibiwe wote wawili. La sivyo mama na mtoto wataambukizana kwa zamu.

Kisha iko chupa. Chuchu ya mpira na chupa ya plastiki ndizo nyumba ambazo hamira huzipenda. Kwa miezi sita ya kwanza mtoto hahitaji kitu ila maziwa ya mama, na hayo hayahitaji chupa. Ikiwa iko sababu ya kumpa maziwa mengine, au ya mama yaliyokamuliwa, waganga hushauri kikombe kidogo kilicho wazi, kwa sababu kikombe huoshwa upesi na hakina kona za kuficha uchafu. Bunge la Kenya lilipitisha sheria mwaka 2012 ya kuzuia matangazo yanayowavuta mama waache kunyonyesha, na sheria hiyo inahusu chupa na chuchu za mpira pia. Lakini ikiwa chupa haina budi kutumiwa, ioshwe mara tu mtoto amalizapo, kabla maziwa hayajakauka. Isuguliwe ndani kwa burashi na sabuni. Chuchu igeuzwe ndani nje na kusuguliwa. Kisha vyote vizamishwe katika maji na kuchemshwa kweli kweli. Kuchemsha pasipo kusugua ni kazi nusu, maana ute uliobaki ni msingi ambao hamira nyingine zitaujengea kesho. Chuchu iliyopasuka au kukwaruzika itupwe.

WAZEE NA WANAWAKE

Mzee mwenye meno ya kubandika huweza kuwa na wekundu na kuwashwa katika kaakaa, pengine na vidonda katika pembe za midomo, asijue sababu. Mara nyingi sababu imo katika yale meno, upande ule ukaao juu ya kaakaa, ambako utando umejengwa na mate hayafiki kuusafisha. Akipewa dawa ya mdomo peke yake atapona juma moja na kurudiwa juma la pili. Yafaa meno yatolewe kila usiku, yasuguliwe pande zote kwa burashi na sabuni, na yalazwe nje ya mdomo ili nyama ipumzike. Yasichemshwe, kwa maana yatapindika yasiweze kuvaliwa tena. Yakiwa yamekwaruzika sana au hayakai sawa, mzee apelekwe kwa daktari wa meno.

Wanawake nao hupatwa na kandida katika sehemu za siri, nayo huleta mwasho na uchafu mweupe mzito kama maziwa yaliyoganda. Jambo hili si la aibu wala si dalili ya mwenendo mbaya. Katika kila wanawake wanne, kiasi cha watatu hupatwa nalo angalau mara moja katika maisha yao, na wenye mimba hupatwa zaidi. Kosa kubwa ni kujiosha ndani kwa sabuni kali au dawa za kunukia. Kufanya hivyo huwafukuza bakteria wema na kuiongezea hamira nafasi. Mwenye kurudiwa mara kwa mara aende akapimwe, na apimwe sukari pia.

Na mtu mzima aonaye utando mweupe mdomoni mwake, wala hana meno ya kubandika, wala hakutumia dawa zilizoweza kuuleta, asikae nyumbani akisukutua kwa chumvi. Akiona na kumeza kunamwuma, ndipo afanye haraka zaidi. Huenda ulinzi wa mwili wake umepungua, na kupima virusi vya ukimwi mapema ni njia ya kupata dawa mapema. Wengi waliogunduliwa kwa dalili hiyo wanaishi leo na kulima mashamba yao.

HABARI ZA HOSPITALI

Mpaka hapa tumesema juu ya maradhi ya nyumbani, ambayo husumbua sana lakini kwa kawaida hayaui. Hospitalini mambo ni mazito zaidi, kwa sababu mgonjwa aliye mahututi huwekewa vitu ndani ya mwili: mrija katika mshipa mkubwa, mrija wa mkojo, mrija wa kupumulia. Kila kimoja ni cha lazima, na kila kimoja ni mahali pa hamira kushika.

Mwaka 2009 wataalamu wa Japani walitangaza kandida mpya waliyoipata katika sikio la mgonjwa, wakaiita Candida auris, kwa maana katika Kilatini auris ni sikio. Watu wachache waliijali. Lakini baadaye ilionekana katika hospitali za nchi nyingi, nayo Kenya ikiwa mojawapo. Katika hospitali moja kubwa ya rufaa mjini Nairobi, madaktari walichunguza kumbukumbu za wagonjwa waliopatwa na kandida katika damu tangu mwaka 2010 hata mwaka 2016, wakakuta ya kuwa Candida auris ndiyo iliyoongoza, kiasi cha 38 katika kila wagonjwa 100, ikiipita hata Candida albicans. Hapo kwanza ilikuwa imedhaniwa kuwa hamira nyingine, kwa sababu mashine za maabara hazikuijua.

Hamira hii ina mambo mawili ya kutisha. La kwanza, kwa kawaida flukonazoli haiiwezi. La pili ni ustadi wake wa kushika. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza protini yake iitwayo SCF1, ambayo huvutwa na plastiki kwa nguvu za umeme, namna ile ile wanayotumia chaza wa baharini kushika miamba ipigwayo na mawimbi. Imeonekana kukaa hai juu ya plastiki kavu kwa muda wa siku 14 au zaidi. Kwa hiyo kitanda, meza, na hata kifaa cha kupimia joto vyaweza kuipeleka kwa mgonjwa mwingine. Dawa nyingine za kusafishia sakafu haziiui vyema. Hospitali hutumia dawa zenye klorini, baada ya kusugua uchafu kwanza. Tarehe 25 Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kuvu 19 zinazohatarisha watu, na katika zile nne zilizowekwa daraja la juu kabisa, mbili ni Candida auris na Candida albicans.

Yawapasa nini jamaa wa mgonjwa, awe amelazwa Kitale au Bungoma, au amepelekwa Eldoret au Nairobi? Yako mambo matatu. Kwanza, wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa na baada ya kumgusa, wala wasiishike mirija yake. Pili, wasione haya kumwuliza mwuguzi kwa adabu kama mrija ungali ukihitajiwa, kwa maana mrija usio na kazi ni bora utolewe leo kuliko kesho. Tatu, daktari akisema ya kuwa mrija hauna budi kuondolewa kwa sababu hamira imeingia katika damu, wasidhani ya kuwa amemkatia mgonjwa tamaa. Wako jamaa waliokataa mrija usitolewe, wakidhani mrija ndio uhai. Lakini ikiwa utando umejengwa ndani yake, dawa zote zitiwazo hupita juu ya ukuta, na ukuta huendelea kutoa hamira mpya kila saa. Kuutoa mrija ule na kuweka mwingine mahali pengine ndiko kuuvunja ukuta.

NENO LA MWISHO

Basi haya ndiyo ya kukumbuka. Hamira iletayo maradhi hushika, huongezeka, hujenga, kisha hutawanyika. Na kazi hiyo yote huhitaji siku mbili tatu tu. Chombo kisuguliwacho kila siku hakiipi hamira hizo siku mbili. Dawa iliyoamriwa imezwe mpaka mwisho, na dawa ambayo haikuamriwa isimezwe. Kusugua ni kwa chupa, kikombe na meno ya kubandika, mwili usikwanguliwe. Na penye mrija au kitu kingine kilichotiwa mwilini, shauri la daktari la kukitoa lisikilizwe upesi.

Asomaye makala haya na awaeleze jirani zake: yule mama mwenye mtoto mchanga ambaye amekwisha kununua chupa tatu za dawa na mtoto hajapona, lakini hakuna aliyemwambia habari za chuchu ya mpira, na yule bibi alalaye na meno yake mdomoni. Burashi na kipande cha sabuni hupatikana katika kila soko, tangu Chwele hata Kitale.